Makopo ya vitamini na madini nyumbani: mama mkwe wa kisukari, wifi mjamzito na mtoto wa miezi 14. Nani ameze nini?

binti_muheza

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo wa wanaojua dawa na lishe. Nyumbani watu watatu wanatumia virutubisho, na kila kopo limetoka duka lake. Nimeyaweka yote mezani nikanakili lebo kama zilivyo, msije mkabahatisha.

Mama mkwe, miaka 64, kisukari na presha. Dawa zake za hospitali ni metformin gramu 1 asubuhi na jioni (mwaka wa saba sasa), na za presha, amlodipine 10 mg na bendro (bendroflumethiazide) 5 mg. Virutubisho: kidonge cha vitamini B chenye B1 100 mg, B6 200 mg na B12 mikrogramu 200, anameza mara mbili kwa siku. Kalsiamu kabonati 1,250 mg iliyochanganywa na vitamini D3 IU 250, mara mbili. Na kapsuli ya D3 iliyoandikwa IU 50,000, moja kila siku asubuhi, hii ni wiki ya tano. Analalamika ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo. Wiki hizi mbili anakunywa maji mengi kuliko kawaida, anakojoa mara kwa mara, choo kigumu na chakula hakitaki. Sukari ya asubuhi ni 7.2, haijapanda.

Wifi, mimba wiki ya 22. Kliniki walimpa FEFO (feri salfeti 200 mg, asidi ya foliki 0.4 mg) lakini ameacha kwa sababu ya kichefuchefu na choo cheusi. Damu ilipimwa ikawa 10.1. Amejinunulia foliki ya 5 mg na kapsuli za mafuta ya ini la samaki. Kliniki ijayo atameza SP (dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito).

Mtoto miezi 14, kilo 9.5. Bibi yake alimwona mweupe machoni, ikanunuliwa shira ya kuongeza damu. Hajapimwa.

Muuzaji mmoja alisema vitamini haina madhara, ikizidi hutoka na mkojo. Ni kweli? Na hivi vyote vipangwe saa ngapi?

---

DawaNaDozi

Dada, asante kwa kunakili lebo, umeturahisishia sana. Naanza na mama mkwe kwa sababu la kwake haliwezi kusubiri kesho kutwa.

Kapsuli ya D3 ya IU 50,000 hutolewa moja kwa WIKI, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, tena kwa mtu aliyeonekana ana upungufu. Kozi ya wiki 8 ni kapsuli 8, jumla IU 400,000. Mama kwa wiki tano za kila siku amemeza kapsuli 35, yaani IU 1,750,000. Mahitaji ya mtu wa umri wake ni IU 600 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikivuke bila daktari ni IU 4,000. Yeye anameza zaidi ya mara 12 ya hicho.

Vitamini D kazi yake ni kuvuta kalsiamu kutoka kwenye chakula iingie kwenye damu. Ikizidi, kalsiamu kwenye damu inapanda. Dalili za kalsiamu kupanda ndizo hizo ulizoandika: kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, baadaye kutapika, usingizi usio wa kawaida na kuchanganyikiwa. Kwa mgonjwa wa kisukari zinapotosha, kwa kuwa kiu na mkojo mwingi kila mtu husema "sukari imepanda". Hapa sukari ni 7.2. Sukari hiyo haileti kiu ya namna hiyo.

Halafu kuna mambo mawili yanayoongeza uzito. Anameza kalsiamu juu yake, na anatumia bendro. Bendro hupunguza kalsiamu inayotolewa na figo, hivyo inabaki kwenye damu. Vikikutana vitatu hivyo, kalsiamu hupanda haraka kuliko mtu anavyotegemea.

Cha kufanya leo: asimamishe kapsuli ya 50,000 na kidonge cha kalsiamu chenye D3. Bendro na metformin msizikatishe kienyeji, ila mpelekeni hospitali leo hii na makopo yote mkononi, daktari aamue. Ombeni kipimo cha kalsiamu, kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu. Wakati wa kumngoja mhudumu aendelee kunywa maji kama kiu inavyomtaka, isipokuwa kama aliwahi kuambiwa ana moyo au figo na kupangiwa kiasi cha maji. Akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au mapigo kwenda ovyo, hiyo ni dharura, msisubiri zamu ya asubuhi.

Kuhusu kauli ya muuzaji: si kweli, na imewaponza wengi. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, zikizidi zinawekwa kwenye ini na mafuta ya mwili na kukaa huko wiki hadi miezi. Chuma kikishaingia mwilini hakina njia maalumu ya kutolewa. Vitamini C na za kundi B ndizo zinazotoka na mkojo, lakini hata hizo zina kikomo, na B6 ndiyo mfano mbaya kuliko zote.

Hapo turudi kwenye ganzi. Kidonge chake kina B6 200 mg, mara mbili ni 400 mg kwa siku. Mahitaji ya mtu wa umri wake ni 1.5 mg au pungufu kidogo. Marekani wameweka kikomo cha 100 mg kwa siku, na Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12 mg. Sababu ni kwamba B6 nyingi kwa miezi huharibu mishipa ya fahamu ya hisia, na dalili yake ni ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi. Yaani kidonge kilichonunuliwa kuondoa ganzi kinaweza kuwa kinaileta. Mgonjwa akiona ganzi inazidi, anaongeza dozi.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza metformin, ganzi ina washukiwa watatu: kisukari chenyewe, upungufu wa B12 na B6 iliyozidi. Metformin hupunguza ufyonzaji wa B12, na hatari inapanda kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyoenda. Gramu 2 kwa siku kwa miaka saba ni sababu tosha ya kupima. Anayetumia pia omeprazole kwa muda mrefu yuko kwenye hatari zaidi, maana asidi ya tumbo ndiyo inayoachanisha B12 na nyama au samaki. Ikithibitika upungufu, tiba ni B12 peke yake: sindano ya 1 mg kwa ratiba ya daktari, au vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku. Hahitaji mchanganyiko wenye B6 nyingi.

Onyo moja hapa: asipewe foliki ya 5 mg ya wifi "kuongeza damu". Foliki nyingi hurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12, picha ya damu ikaonekana nzuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Na kila jioni mwangalieni nyayo na katikati ya vidole. Mguu wenye ganzi haumwambii mwenyewe kwamba umekanyaga msumari.

---

mkunga_pwani

Nichukue upande wa wifi.

Kwanza mtulizeni kuhusu choo cheusi. Chuma kisichofyonzwa ndicho kinachogeuza rangi, choo kinakuwa cheusi au kijani kilichokolea, na ni kawaida kwa kila anayemeza FEFO. Kinachotia hofu ni choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, pamoja na kizunguzungu au maumivu ya tumbo. Hicho ni damu, na aje hospitali.

Damu 10.1 katika wiki ya 22 ni upungufu. Mpaka wa miezi mitatu ya katikati ni 10.5, miezi ya mwanzo na ya mwisho ni 11. Kwa hiyo yeye si wa kinga tu, ni wa matibabu. Kidonge kimoja cha feri salfeti 200 mg kina chuma halisi takriban 65 mg. Kinga ni chuma 30 hadi 60 mg kwa siku. Mwenye upungufu huongezewa hadi 120 mg, karibu vidonge viwili, mpaka damu irudi kawaida, kisha anaendelea na kimoja. Lakini asijiongezee nyumbani. Arudi kliniki sasa, asingoje tarehe, aseme wazi kwamba aliacha. Wengi huficha, wanaulizwa "unameza?" wanaitikia, na mkunga anadhani dawa imeshindwa kumbe haijamezwa.

Namna ya kumeza ndiyo inayoamua kama atavumilia. Kichefuchefu kikimsumbua ameze usiku kabla ya kulala, baada ya kula kidogo. Ni kweli chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kidonge kinachokaa tumboni na chakula ni bora kuliko kinachotapikwa au kubaki kwenye pakiti. Ameze na maji au juisi ya chungwa au ndimu isiyochanganywa na maziwa. Chai ndiyo adui mkubwa, ya rangi na ya maziwa zote, pamoja na kahawa: ikae mbali saa moja kabla na saa mbili baada. Watu wanaomeza FEFO asubuhi na chai na chapati hushangaa damu haipandi. Akisahau siku moja, asimeze viwili kesho yake kufidia.

Choo kikiwa kigumu: maji, papai, mchicha, matembele, maharage, na kutembea. Kikishindikana kliniki wana dawa laini ya choo kwa mjamzito. Dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini nayo huzuia chuma. Iachane na FEFO angalau saa mbili. Ikiwa kliniki itampa kalsiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo huliwa mchana pamoja na milo, si zaidi ya 500 mg ya kalsiamu halisi kwa mara moja, na FEFO inabaki usiku.

Muulizeni pia kwa upole kama anakula udongo, ule uitwao pemba unaouzwa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma wenyewe, na udongo ukiwa tumboni unashika chuma kisifyonzwe. Hapo anazunguka bila kutoka. Aulize pia kama amepewa dawa ya minyoo, hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Sasa foliki ya 5 mg: aiweke pembeni. Kazi kubwa ya foliki ya mwanzo ni kuzuia mgongo wazi na kichwa kisichofunga, na mfereji huo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Wiki ya 22 umeshafunga zamani. Dozi ya 5 mg ina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, mwenye selimundu, na hao huandikiwa na daktari. Kwa wifi tatizo la pili ni SP. SP humuua mdudu wa malaria kwa kumzuia asitengeneze foliki yake. Mama akimeza foliki 5 mg kwa siku, nguvu ya SP hupungua na kinga ya malaria kwa kondo la nyuma inalegea. Foliki 0.4 mg iliyo ndani ya FEFO haina shida hiyo, anaendelea nayo hata siku ya SP. Kwa hiyo kliniki aseme wazi kwamba amekuwa akimeza ya 5 mg na aliiacha lini, ili mkunga apange SP yake.

Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A, na A ya aina hiyo ikizidi IU 10,000 kwa siku wakati wa mimba inaweza kumharibu mtoto. Kapsuli moja inaweza kuwa chini ya hapo, lakini ukijumlisha na kopo jingine la multivitamini na maini ya mara kwa mara unafika bila kujua. Aache. Akitaka mafuta ya samaki kwa ajili ya omega 3, atafute yale ya mwili wa samaki, si ya ini. Au ale dagaa na samaki, Tanga haina uhaba.

---

afisa_lishe

Mtoto: shira isimame mpaka apimwe. Sisemi chuma ni kibaya kwa watoto, nasema kwa ukanda wetu kipimo kinatangulia.

Ushahidi uko hapa hapa nyumbani. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, ukachapishwa mwaka 2006, ulitoa chuma 12.5 mg na foliki mikrogramu 50 kila siku kwa watoto wadogo wa miezi 1 hadi 35 wakati malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Sehemu ya chuma ilisimamishwa mwaka 2003 kabla ya muda, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, malaria ikigunduliwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Tangu hapo mwongozo wa kimataifa ni kwamba penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kuzuia, kupima na kutibu malaria.

Kwa hiyo zahanati wampime wekundu wa damu, malaria na selimundu. Selimundu ni muhimu sana: mtoto mwenye ugonjwa huo huwa mweupe kwa sababu chembe zake huvunjika, mara nyingi si kwa kukosa chuma. Yeye hupewa foliki, na chuma hakipewi mpaka ithibitike amepungukiwa. Shira nyingi za "kuongeza damu" zina vyote viwili ndani ya chupa moja, na hapo ndipo kosa hufanyika.

Ikithibitika ni upungufu wa chuma, dozi ya matibabu kwa kawaida huanzia 3 mg za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 9.5 ni kama 28 mg. Mtego uko kwenye lebo: shira ikiandika feriki amonia sitreti 200 mg kwa kila mls 5, hiyo si 200 mg ya chuma, ni takriban moja ya tano, kama 40 mg. Ikiandika feri glukoneti, chuma ni takriban asilimia 12 tu. Ndiyo maana "kijiko kimoja" cha chupa mbili tofauti si dozi moja. Mwombe mfamasia akuhesabie mls, upime kwa sirinji isiyo na sindano, kijiko cha chai cha nyumbani kinadanganya. Mwelekezee nyuma ya ulimi kisha mpe maji, maana shira ya chuma hutia meno weusi. Damu ikirudi kawaida huendelea miezi mitatu ili akiba ijae.

Vitamini A asikose ile ya kampeni, Juni na Desemba kwa Tanzania. Umri wa miezi 6 hadi 11 hupewa IU 100,000 (kapsuli ya bluu), miezi 12 hadi 59 IU 200,000 (nyekundu). Angalia kadi; kama alipewa ndani ya mwezi mmoja uliopita asirudiwe. Kapsuli hizo zisipewe wifi hata kwa kosa, dozi yake ni mara 20 ya kikomo cha mjamzito.

Na sasa jambo linalonifanya niandike kwa herufi nzito: FEFO za wifi ziwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli au komeo. Vidonge vya chuma vingi ni vyekundu au vya kahawia, vinang'aa na vina sukari nje, mtoto wa miezi 14 anaviona pipi. Hesabu yenyewe kwa mtoto wenu: vidonge vitatu ni chuma 195 mg, zaidi ya 20 mg kwa kilo, hapo sumu inaanza kuonyesha dalili. Vidonge kumi ni 650 mg, karibu 68 mg kwa kilo, na kuanzia 60 hatari ni ya kufa. Anatapika, anaharisha, pengine damu, halafu baada ya saa chache anaweza kuonekana amepata nafuu kabisa. Nafuu hiyo ni ya uongo, ini na moyo vinaweza kuzorota siku ya kwanza au ya pili. Mkaa wa dawa haushiki chuma, maziwa hayatibu, msimtapishe kwa vidole. Mbebeni na pakiti, hesabuni vilivyobaki njiani.

---

kimya_kimya

Samahani kuingilia. Mjamzito anayetumia TLD (ARV za VVU) na FEFO vipi? Anaambiwa vinagombana.

---

DawaNaDozi

Swali zuri, tena linawahusu wengi. Dolutegravir iliyo ndani ya TLD hushikana na chuma, kalsiamu, zinki na magnesi tumboni, ikafyonzwa kidogo, na ARV ikipungua virusi hupanda. Njia rahisi kuliko zote ni kuzitenganisha: TLD saa moja asubuhi, FEFO usiku. Kanuni yenyewe ni TLD imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya chuma au kalsiamu. Zikilazimika kwenda pamoja, ziende na mlo kamili, hapo chuma na kalsiamu zinaruhusiwa. Dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini hairuhusiwi hata na mlo, hiyo ni saa 2 kabla au 6 baada. Asiache hata moja kati ya hizo mbili. Na kama ni mtu wa kisukari, amwambie daktari kwamba yuko kwenye TLD, kwa sababu dolutegravir hupandisha metformin kwenye damu na kikomo chake huwa gramu 1 kwa siku nzima.

Kushikana huko huko kunatokea kwa ciprofloxacin na doxycycline, na kwa dawa ya tezi ya levothyroxine, ambayo hutaka saa 4 mbali na chuma au kalsiamu. Watu humaliza siku saba za cipro na multivitamini yenye zinki kila asubuhi, kisha wanasema dawa ilikuwa feki.

Anayemeza dawa ya kuzuia TB (isoniazid) yeye B6 ndogo anayopewa, kwa kawaida 25 mg, asiiache kwa kusoma nilichoandika juu. Hiyo ni kinga ya mishipa yake, na dozi ni nyingine kabisa.

---

maabara_255

Nyongeza fupi kabla mama hajatolewa damu. Mwambieni daktari kwamba amekuwa akimeza B12 mikrogramu 400 kwa siku. Kipimo cha B12 kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa sababu ya vidonge, na mtu akasema "hana upungufu" wakati mishipa ilishaumia. FBP (picha ya damu) nayo isitegemewe peke yake; chembe kubwa zikiwepo zinasaidia, zisipokuwepo hazifuti upungufu.

Vitamini C ya 1,000 mg, ile ya kuyeyusha kwenye maji, huvuruga kijiti cha mkojo: sukari na damu vinaweza kusomeka hamna ilhali vipo. Mjamzito asiinywe tangu jana yake akienda kliniki. Kwa mwenye presha kuna jingine, vidonge vya kuchemka vina sodiamu, soma lebo. Aliyewahi kupata mawe ya figo asizizoee kabisa.

Na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini ya mikrogramu 5,000 au 10,000: vinapotosha vipimo vya tezi na hata kipimo cha moyo cha troponini, kwenye mashine nyingi. Viachwe siku mbili hadi tatu kabla ya kipimo, na kwenye dharura ya kifua mtu aseme kwamba anavimeza.

---

binti_muheza

Nashukuruni sana. Mama alipelekwa jana jioni. Kalsiamu imetoka 2.96, kreatinini 121, wamemlaza na kumwekea maji ya mshipa, bendro wameisimamisha. B12 majibu bado. Wifi amerudi kliniki, amepewa FEFO mbili usiku, foliki ya 5 mg ameiacha na SP wamempangia tarehe. Mtoto anapelekwa kesho. Mama akitoka, naye niangalie nini nyumbani?

---

DawaNaDozi

Mmewahi. Kawaida kalsiamu huwa kati ya 2.1 na 2.6, na ikipita 3.0 mambo huwa mazito zaidi.

Tegemeeni kwamba haitashuka na kukaa chini mara moja. D iliyohifadhiwa kwenye mafuta huendelea kutoka kidogo kidogo, kwa hiyo anaweza kuruhusiwa akiwa vizuri na ikapanda tena wiki ya pili. Ombeni tarehe za kurudia kalsiamu na kreatinini kabla hamjatoka wodini, kwa kawaida ndani ya wiki moja kisha kwa vipindi mpaka itulie. Kiu, choo kigumu au usingizi wa ajabu vikirudi kabla ya tarehe, rudini.

Kwa kipindi hicho asimeze chochote chenye D au kalsiamu, na hapo mjue vimejificha: multivitamini za wazee, maziwa ya unga "ya mifupa", vidonge vya kiungulia vya kutafuna vyenye kalsiamu kabonati. Samaki na maziwa ya kawaida muulizeni daktari wake kiasi, msimnyime chakula kwa hofu. Kwa kuwa kreatinini imegusa juu, ulizeni pia kama dozi ya metformin inabaki ile ile. Na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen asiguse. Presha ipimwe nyumbani au zahanati, maana bendro imeondolewa na amlodipine iko peke yake.

Kile kidonge chenye B6 200 mg asikirudie hata majibu ya B12 yakitoka mabaya. Atapewa B12 tupu. Ganzi ya B6 hupungua taratibu kwa miezi baada ya kuacha, na wiki za mwanzo inaweza hata kuonekana imezidi, asikate tamaa akarudi dukani.

Kapsuli za 50,000 zilizobaki zirudisheni duka la dawa au famasi ya hospitali waziharibu, zisibaki kabatini mtu mwingine akaziona. Na pale mlipozinunua waambieni kilichotokea, kwa utaratibu. Kama kwenye pakiti au kwenye bahasha ya dawa hapakuandikwa "moja kwa wiki", mteja mwingine yuko nyumbani sasa hivi anameza moja kila asubuhi.